Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuitembelea Bustani ya Mawe ya Ryoan-ji, Kyoto, na Kuiona Kweli

Wasomaji kadhaa waliosafiri hadi Kyoto, Japani, wamenieleza jambo moja kwa maneno yanayokaribiana sana. Walifika katika hekalu la Ryoan-ji, wakavua viatu, wakasimama mbele ya uwanja wa changarawe wenye mawe machache, wakapiga picha nne au tano, na kabla ya dakika 10 kwisha walikuwa wamekwisha kutoka, huku wakijiuliza ni nini hasa ambacho watu husafiri kutoka pembe zote za dunia kuja kukitazama.

Kosa si lao. Bustani tulizozizoea ni za kutembea ndani: unaingia, unapita kati ya maua, unakaa kivulini. Bustani hii haiingiwi kabisa. Hutazamwa kutoka barazani, kwa kukaa, na haimpi mtu chochote mpaka amekaa muda wa kutosha. Nimeandika hatua hizi kwa ajili ya asubuhi moja na bustani moja, kwa sababu nimeona kwamba anayepanga bustani tatu kwa siku moja hurudi hotelini bila hata moja.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuondoka

- Viza. Wenye pasipoti za Tanzania na Kenya huhitaji viza ya Japani, nayo huombwa ubalozini Dar es Salaam au Nairobi. Anza mapema, kabla ya kulipia kitu kisichorudishiwa fedha.
- Soksi safi zisizotoboka. Utatembea kwa soksi juu ya mbao kwa muda mrefu. Kuanzia Desemba hadi Februari vaa nene, kwa maana mbao zile huwa baridi kama sakafu ya sementi usiku wa manane, na miguu ikishaganda huwezi tena kutulia.
- Viatu vya kuvulika upesi. Buti zenye kamba ndefu zitakufanya uwazuie watu mlangoni.
- Fedha taslimu, zikiwemo sarafu. Kiingilio cha mtu mzima kilikuwa yen 600 mwaka 2024. Hakikisha bei ya sasa kabla ya kwenda.
- Leso au taulo dogo, na mfuko wa plastiki. Vyoo vingi vya umma havina kitu cha kukaushia mikono, na mapipa ya taka barabarani ni haba mno. Takataka yako utarudi nayo.
- Daftari dogo na penseli. Nasema penseli kwa sababu tone la wino likidondoka juu ya mbao au mkeka wa tatami halitoki.

Acha hotelini begi kubwa la mgongoni, stendi ya kamera yenye miguu mitatu, na vyakula. Begi likigeuka nawe barazani humpiga mtu aliyekaa nyuma yako, au hukwaruza mlango wa karatasi.

## Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Kuanzia Machi hadi Novemba hekalu hufunguliwa saa 2:00 asubuhi na kufungwa saa 11:00 jioni. Kuanzia Desemba hadi Februari hufunguliwa saa 2:30 asubuhi na kufungwa saa 10:30 jioni. Saa hizi nimeziandika kwa hesabu yetu, kwa hiyo kwenye kibao cha Kijapani utakuta 8:00 mahali pa saa 2:00.

Hapa pana sadfa inayomsaidia Mswahili. Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 6, na hesabu yetu ya saa nayo inapishana na ile ya kimataifa kwa saa 6. Basi saa ya mkononi ambayo hukuibadilisha tangu Dar es Salaam au Mombasa itakuonyesha 2:00 wakati Kyoto ni 8:00, nawe utaisoma moja kwa moja kuwa ni saa mbili asubuhi. Simu itajibadilisha yenyewe, kwa hiyo amua mapema utafuata ipi, usije ukachanganya zote mbili ukafika umechelewa.

Fika dakika 10 kabla ya lango kufunguliwa, siku yoyote isiyo Jumamosi, Jumapili wala sikukuu. Kuanzia kama saa 4 asubuhi baraza hujaa, na mtu aliyebanwa mabega hawezi kutulia.

Kuhusu msimu, wengi husubiri maua ya mcheri mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, au majani mekundu ya Novemba. Ni mazuri kweli, lakini ndiyo majuma yenye msongamano mkubwa kuliko yote. Mimi humshauri mgeni wa mara ya kwanza aende wakati wa mvua za Juni. Mvua huwapunguza watu, mawe yakilowa hubadilika rangi, na kuvumwani, yaani ule mmea mfupi wa kijani unaotanda kama zulia penye unyevu, huwa katika ubora wake. Baraza limefunikwa na paa, kwa hiyo hutalowa.

Dalili ya kufaulu: umefika, na waliokutangulia mlangoni hawazidi 10.

## Hatua ya 2: Fika kwa njia isiyokuchosha

Njia ninayoipenda ni treni ndogo ya Keifuku, ambayo wenyeji huiita Randen. Panda Shijo-Omiya, badilisha Katabira-no-tsuji kwenda njia ya Kitano, ushuke kituo cha Ryoanji. Kutoka hapo ni kama dakika 7 kwa miguu, ukipita kati ya nyumba za watu. Tenga dakika 45 kwa safari nzima. Ukipendelea basi, namba 59 husimama Ryoanji-mae, karibu kabisa na hekalu.

Katika mabasi mengi ya mji wa Kyoto abiria hupanda kwa mlango wa nyuma na kulipa anaposhuka kwa mlango wa mbele. Sanduku la nauli halirudishi chenji, kwa hiyo vunja noti kwa mashine iliyo kando yake kabla basi halijafika kituoni kwako.

Tahadhari: ndani ya treni na basi watu hawazungumzi na simu, na mazungumzo ya kawaida huwa ya sauti ya chini. Huna haja ya kunyamaza kama umekatazwa kusema, ila sauti yako isivuke kiti cha pili.

## Hatua ya 3: Lango, salamu na njia ya kwenda juu

Kwetu kumpita mtu mzima bila kumsalimu ni utovu wa adabu, na mgeni wetu huona vibaya kutomsemesha mzee anayefagia njiani. Fanya hivi: inamisha kichwa kidogo, useme *ohayo gozaimasu*, uendelee na safari yako. Usinyooshe mkono wala usiulize habari za nyumbani. Salamu fupi kule ina heshima yote inayotakiwa, na atakuitikia.

Kwenye dirisha la tiketi weka fedha ndani ya kisahani kilichowekwa kwa kazi hiyo badala ya kumpa mtu mkononi. Ukipewa tiketi, ipokee kwa mikono miwili. Bakshishi haitolewi, na ukiiacha juu ya meza huenda mtu akakufuata mbio kukurudishia.

Ukishaingia utakuta bwawa kubwa la Kyoyochi. Usisimame hapo sasa. Fuata njia hadi kwenye ngazi pana za mawe zinazopanda kuelekea jengo la hekalu, kwa sababu bwawa litakusubiri na baraza tupu halitakusubiri.

## Hatua ya 4: Kuvua viatu bila kukosea

Sisi tuliozoea kuvua viatu msikitini au mbele ya mkeka hudhani jambo hili tunalijua. Tunalijua nusu. Mlangoni pana sakafu mbili: ya chini, ambayo ni ya viatu, na ya juu, ambayo ni ya soksi. Mpaka uko pale pale kwenye ukingo, na kila kosa ninalosimuliwa limetokea hapo.

Simama chini ukiwa bado na viatu. Vua kimoja, na mguu uliovuliwa uupandishe moja kwa moja juu. Vua cha pili, upandishe wa pili. Soksi isikanyage chini hata mara moja, na kiatu kisiguse juu hata kwa ncha. Kisha inama, vichukue viatu vyako, uvipange kwenye rafu.

Ndani kuna mambo mawili zaidi. Usikanyage kizingiti cha mbao cha mlango wa kusukuma, kivuke. Na penye mikeka ya tatami, epuka kukanyaga utepe wa kitambaa unaoizunguka.

Dalili ya kufaulu: hakuna mtumishi aliyeinua mkono kukuashiria.

## Hatua ya 5: Baraza, ambako kazi yenyewe inafanyika

Karibu na mahali pa kuingilia kuna mfano mdogo wa bustani, uliotengenezwa ili wasioona waiguse. Upitishie vidole. Utahesabu mawe 15, yaliyokaa katika makundi 5. Kumbuka hesabu hiyo, utaihitaji.

Sasa toka barazani. Mbele yako ni uwanja wenye urefu wa kama mita 25 na upana wa mita 10, changarawe nyeupe tupu, mawe, na kuvumwani kidogo kuyazunguka. Ndani ya uwanja hamna mti, maji wala ua. Hapa ndipo wengi huinua simu. Wewe ikae mfukoni.

5a. Kaa. Kaa kwenye ngazi ya mbao, karibu na katikati, kwa namna ambayo unaweza kuivumilia kwa muda mrefu. Si lazima ukunje magoti kama Wajapani, na mwenye magoti mabaya asijitese. Miguu isishuke kugusa changarawe.

5b. Dakika 5 za kwanza usitafute maana. Macho yafuate mistari. Changarawe huchanwa kwa reki, na ukitazama kwa makini utaona kwamba mistari mirefu imenyooka sambamba na baraza, lakini inapokaribia jiwe inakatika na badala yake kuna miviringo inayolizunguka jiwe. Angalia mahali mstari ulionyooka unapokutana na mviringo. Pale pana ukingo wa changarawe ulioinuka kidogo sana, na jua la asubuhi likiupiga kwa pembeni, kila ukingo una kivuli chake chembamba kama uzi. Adhuhuri vivuli hivyo hupotea, nayo ni sababu ya pili ya kufika mapema.

5c. Inua macho ukutani. Ukuta wa udongo nyuma ya mawe ulikandwa kwa udongo uliochemshwa katika mafuta, na kwa miaka mingi mafuta yamekuwa yakipenya nje na kuacha madoa ya kahawia na rangi ya chungwa iliyofifia. Hakuna aliyeyachora madoa hayo. Kisha utazame ukuta wa kulia kwako: unashuka kidogo kidogo kadiri unavyokwenda mbali. Jicho linadanganyika, na uwanja unaonekana mrefu kuliko ulivyo.

5d. Hesabu mawe. Kutoka kushoto kwenda kulia makundi yana mawe 5, 2, 3, 2 na 3. Ulipokaa, hesabu polepole. Utapata 14 au pungufu. Sogea hatua kadhaa kulia, ukae tena, uhesabu upya. Lile lililokosekana limejitokeza, na jingine limejificha nyuma ya mwenzake. Mawe yamepangwa hivi kwamba mtu aliyekaa barazani, popote alipo, angalau jiwe moja linamfichikia.

Tafadhali lifanye jambo hili kwa mwili wako, usiridhike kwa kuwa umelisoma hapa. Kulijua tu ni habari. Kulihisi jiwe likitoka nyuma ya jingine huku wewe ndiye unayesogea ni jambo lingine kabisa, na ni kwa ajili ya dakika hiyo ninawasihi watu wasiondoke mapema.

5e. Chora. Toa daftari, chora makundi 5 kwa duara tu, bila ufundi. Mkono unapochora, jicho hulazimika kuuliza: hili liko karibu na ukuta au na mimi? Limelala au limesimama? Na nafasi iliyo kati ya kundi la pili na la tatu ina upana gani? Utagundua kwamba kilichokushinda kuchora ni nafasi tupu.

Watu hueleza kwamba mawe ni visiwa baharini, wengine husema ni chui milia jike anayevusha watoto wake mto. Maelezo yote mawili yanasikika vizuri, na hakuna lililothibitishwa kuwa ndilo kusudi la aliyeitengeneza. Usimuulize mtu maana kabla hujatazama, kwa sababu ukishaambiwa visiwa hutaona tena mawe.

Tahadhari: Kyoto hupokea makundi ya wanafunzi walio katika ziara za shule, wakiwa na sare zao. Wakiingia, baraza litajaa kelele. Usiondoke kwa hasira, kwani baada ya dakika chache mwalimu atawaita nao wataondoka, na utulivu unaorudi nyuma yao ni mzito kuliko ule wa mwanzo. Picha piga mwishoni, mbili au tatu, ukiwa umekaa, bila mwanga wa kamera.

Dalili ya kufaulu: unafumba macho na unaweza kusema kila kundi liko wapi. Kwa wengi hili huchukua kati ya dakika 30 na 40.

## Hatua ya 6: Nyuma ya jengo, kisha urudi

Zunguka jengo kwa baraza lile lile. Upande mmoja utaona kijani kitupu cha kuvumwani chini ya miti, na macho yaliyotoka kwenye weupe wa changarawe yatapumzika hapo bila kuambiwa.

Nyuma kuna birika la jiwe la kunawia, la mviringo, lenye tundu la mraba katikati kama sarafu ya kale. Birika la namna hii huitwa *tsukubai*, neno linalotokana na kuchuchumaa, kwa kuwa limewekwa chini makusudi ili anayenawa ajishushe. Kuzunguka tundu kuna herufi 4, kila moja ikiwa pungufu ikisomwa peke yake. Zote hukamilika kwa kuuazima ule mraba wa katikati, na kwa pamoja husomeka *ware tada taru wo shiru*: ninachokijua ni kutosheka tu.

Katika bustani nyingine ambako birika liko wazi kwa wageni, chota maji kwa kata ya mwanzi, unawe mkono wa kushoto, kisha wa kulia, urudishe kata kama ulivyoikuta. Maji yaliyonawiwa yasirudi ndani.

Kabla hujachukua viatu, rudi barazani mara ya pili kwa dakika 5. Karibu kila mtu huiruka hatua hii. Jua limesogea, vivuli vimefupika, na bustani uliyodhani umeimaliza haifanani tena na mchoro wako.

## Hatua ya 7: Bwawa, na watu wanaoitunza bustani

Sasa ndiyo zamu ya bwawa. Kuanzia Mei hadi Julai hujaa mayungiyungi. Tembea polepole na ushike njia, kwani kuvumwani iliyokanyagwa mara moja huchukua muda mrefu kupona.

Ukikuta katika bustani yoyote ya Kijapani jiwe dogo lenye ukubwa wa nazi, limefungwa kamba nyeusi kwa msalaba na kuwekwa katikati ya njia, geuka. Jiwe hilo huitwa *sekimori-ishi*, na maana yake ni kwamba hapa hapapitwi. Hakuna kibao wala mlinzi, na Mjapani akiliona hukata kona bila kuuliza.

Tazama pia ukubwa wa mawe ya kukanyagia. Penye mawe madogo yasiyolingana, utalazimika kutazama miguu yako. Yakifuatwa na jiwe kubwa bapa, simama juu yake na uinue kichwa, kwa sababu aliyeyapanga alikusudia utazame kutoka pale pale.

Ukibahatika utawakuta watunza bustani kazini. Utamwona mtu amechuchumaa, aking'oa magugu ndani ya kuvumwani kwa vidole, jani moja moja, na mwingine akifagia kwa ufagio wa vijiti vya mianzi kwa mikono myepesi ili majani yaondoke na kijani kibaki. Kwangu mimi kumtazama mtu huyo kwa dakika 10 kunafundisha utamaduni wa mahali kuliko maelezo ya kiongozi wa watalii. Usimpige picha kabla ya kuomba ruhusa. Onyesha kamera, inamisha kichwa, useme *sumimasen*, yaani samahani, na akipunga mkono mbele ya uso wake, amekataa.

## Hatua ya 8: Chai, bila sukari

Ndani ya eneo la hekalu kuna mahali panapouzwa *yudofu*, yaani tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) inayochemshwa na kuliwa ya moto. Mwislamu aulize kwanza kama kuna *mirin*, kileo cha mchele kinachotumika jikoni, kwa sababu chakula kisicho na nyama si lazima kiwe halali.

Chai ya unga wa kijani unaweza kuipata katika bustani ya Kinkaku-ji, umbali wa kama dakika 20 kwa miguu, ambako kiingilio hulipwa peke yake. Utaletewa bakuli na kitamutamu kidogo. Kula kitamutamu chote kwanza, ndipo unywe. Mtu wa pwani anayekunywa kahawa chungu kwa kashata atauelewa mpango huu mara moja. Usiombe sukari wala maziwa.

Inua bakuli kwa mkono wa kulia, uliweke juu ya kiganja cha kushoto, uligeuze kidogo mara mbili kuelekea kulia ili upande wake wa mbele, ambao kwa kawaida ndio uliopambwa, usiguse midomo yako. Kunywa kwa mafunda machache. Funda la mwisho livute kwa sauti, maana hapo sauti ndiyo inayomjulisha mwenyeji kwamba umemaliza na umeridhika. Pangusa ukingo kwa vidole, uligeuze bakuli lilivyokuwa, ulitazame kabla ya kuliweka chini, useme *gochisosama deshita*, yaani asante kwa ulichokula na kunywa.

Ukitoka hapo itakuwa karibu na adhuhuri, na mabasi ya kuelekea Stesheni ya Kyoto yatakuwa yamejaa. Tembea hadi kituo cha Kitano-Hakubaicho upande Randen, ambayo njia yake hupita tena kituo kile cha Ryoanji ulichoshukia asubuhi. Ukipata kiti, toa daftari uandike chini ya mchoro saa uliyokaa na hali ya hewa ilivyokuwa.